Mzigo wa Mawazo Mpakani: Busia na Tororo tangu 1902

Msongo wa mawazo hauna jina moja katika masoko ya Busia, Malaba na Tororo. Lugha zinazokutana hapo hutofautiana sana, lakini karibu zote huutaja kwa wingi wa fikra. Mteso husema aomisio, mawazo yanayozunguka kichwani. Mjapadhola husema paro. Msamia na jirani zake Waluhya husema amaparo, neno linalofanana kwa sauti na lile la Wajapadhola ingawa lugha zao si za ukoo mmoja. Kiswahili, kinachowaunganisha wachuuzi na madereva wa pande zote mbili, husema kwa kifupi tu kwamba mtu "ana mawazo". Haihitajiki kuongeza kuwa mawazo hayo ni mengi au mabaya. Anayesikia ameshaelewa kwamba kuna mzigo. Neno "msongo" ni la vitabuni na redioni zaidi. Limezaliwa na kitenzi songa, chenye maana ya kubana na kukaza, kitenzi kilekile cha kusonga ugali hadi ushikamane.

Historia ya msongo katika ukanda huu ina pande mbili: mambo yaliyowalemea watu, na dalili walizotumia kujua kwamba wamelemewa. Vita, kodi na kufungwa kwa mipaka vimeandikwa katika taarifa za serikali na magazeti. Namna mtu alivyojijua, au alivyojulikana na jirani zake, kuwa mzigo umemzidi, imeandikwa kwa uchache mno, na mara nyingi na watu waliokuwa wakitafiti jambo jingine.

Utambuzi wa zamani ulikuwa kazi ya watu waliomzunguka mwenye mzigo. Mtu huzoea uchovu wake polepole hadi akauona wa kawaida, lakini mke, mama au jirani huona kwamba usingizi umemruka, kwamba chakula hakishuki, kwamba anatembea akiongea peke yake, kwamba hasira inamjia kwa jambo dogo. Miongoni mwa Wateso kulikuwa na mahali maalumu ambapo mabadiliko hayo yalionekana upesi, nayo ni mzunguko wa chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu. Majirani walikaa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na kiti kilichobaki wazi kilionekana. Ivan Karp, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti kwa Wateso wa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika makala nzima kuhusu unywaji huu, akiuona kuwa mahali ambapo ujirani unajengwa na pia unajaribiwa. Kukaa chunguni pamoja ni kuaminiana, na kujitenga nacho kulizua maswali.

Swali lililofuata lilipelekwa kwa mganga: emuron kwa Wateso, jathieth kwa Wajapadhola, omufumu kwa Waluhya. Hapo tatizo lilibadilika sura. Mganga hakuuliza mgonjwa anajisikiaje kwa kipimo cha moja hadi kumi; aliuliza nani ana kinyongo naye, mzimu gani umesahauliwa, mahari gani haijamalizwa. Mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte alianza utafiti Bunyole, wakati huo sehemu ya wilaya ya Bukedi iliyotawaliwa kutoka Tororo, mnamo 1969, na kitabu chake cha 1997 kuhusu namna Wanyole wanavyoihoji misiba kinaeleza utaratibu huu kwa undani. Wanaopatwa na shida, kwa maelezo yake, hawashikilii jibu moja kama imani isiyotikisika. Hujaribu dawa, wakaangalia, wakajaribu kafara, wakaangalia tena. Ni maelezo yenye thamani kubwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba uganga ulikuwa pia njia ya kuutaja mzigo hadharani na kuufanya kuwa jambo la ukoo mzima. Udhaifu wake nao ulikuwa dhahiri: mzigo uliotajwa kwa jina la jirani mwenye husuda ungeweza kuzaa uadui wa miaka.

Mpaka wenyewe uliongeza aina mpya ya mzigo. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 nchi yote hii ilikuwa ndani ya Uganda, ambayo mipaka yake ya mashariki ilifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa kwa utawala wa Kiingereza uliokuja kuitwa Kenya, na amri ya mwaka 1926 ikaeleza mstari unaofuata, kwa sehemu kubwa, mto Malaba na mto Sio. Wasamia wakabaki huku na huko. Wateso vivyo hivyo. Kaka mmoja akalipa kodi Tororo, mwingine akalipa upande wa pili, na shamba la babu likawa ng'ambo. Kwa miongo mingi mstari huo haukuzuia sana harusi wala mazishi, lakini ulibaki pale, ukisubiri siku serikali mbili zitakapokosana.

Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu kutoka kwa watu waliokuwa wakihesabu mali kwa ng'ombe na wimbi. Pamba ilipandwa Bukedi ili fedha hizo zipatikane. Vita vya Kwanza vya Dunia vikachukua wanaume kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba na kufika Tororo katika miaka ya 1920, ikaendelea hadi Kampala mwaka 1931. Kila moja ya hatua hizi iliongeza tarehe za mwisho katika maisha ya watu: siku ya kodi, siku ya soko la pamba, saa ya gari moshi. Maisha ya kilimo yalikuwa na wasiwasi wake mkubwa wa mvua na njaa, lakini mvua haimfungi mtu jela kwa kuchelewa.

Mzigo huo ulijitokeza hadharani Januari 1960. Wilaya ya Bukedi iliwaka moto wa ghasia dhidi ya kodi ya kukadiriwa, ambapo machifu walikisia mali ya kila mtu na kumpangia kiwango chake. Makundi ya watu yalishambulia nyumba na mali za machifu, watu waliuawa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Wachunguzi walitafuta chanzo katika ukadiriaji usio wa haki na katika siasa za wakati ule, na walikuwa na sababu nzuri. Lakini mtu anayekadiriwa kuwa na mali asiyokuwa nayo, na anayejua kwamba chifu atamjia mlangoni mbele ya wanawe, amekuwa akilala vibaya muda mrefu kabla ya kushika fimbo. Hilo halikuwa na safu yake katika taarifa ya tume yoyote ya zama zile.

Halikuwa na safu kwa sababu tiba ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba halipo. Hospitali za akili zilikuwa mbali: Mathari jijini Nairobi, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1910, na Butabika karibu na Kampala, iliyofunguliwa 1955. Waliofika huko walikuwa waliochanganyikiwa kabisa, mara nyingi wakiletwa na polisi. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, na akaeleza uhaba huo kwa hoja za tofauti ya ubongo. Kosa lake lilikuwa la mbinu na la dharau kwa pamoja. Alihesabu waliolazwa Mathari, akasahau kwamba mwanamke wa Samia aliyekosa usingizi mwaka mzima hangepelekwa kamwe Nairobi kwa sababu hiyo. Angepelekwa kwa omufumu au angeachwa alime.

Wakati huohuo sayansi ya msongo ilikuwa ikijengwa kwingine. Walter Cannon wa Marekani alikuwa ameeleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo kwenda mbio, damu kuelekea kwenye misuli, sukari kupanda. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akionyesha kwamba mwili wa mnyama hutoa mwitikio uleule mmoja kwa madhara ya aina nyingi, na kwamba madhara yakiendelea, mwili hujizoeza kwanza, kisha huchoka. Hatua ile ya kujizoeza ndiyo inayoufanya msongo kuwa mgumu kutambulika. Mtu yuko kazini, anacheka, anabeba mizigo yake, na ndani anatumia akiba.

Dai la Carothers liliangushwa na kazi iliyofanyika Uganda. Daktari wa magonjwa ya akili John Orley aliishi katika vijiji vya Buganda, na utafiti alioufanya na John Wing, uliochapishwa 1979, ulitumia mahojiano yaleyale yaliyotumika Camberwell, London, lakini kwa Kiganda. Sonona ilionekana kwa wingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Watu walikuwa wagonjwa miaka yote. Kilichokosekana ni daktari wa kwenda kuwauliza nyumbani kwao, kwa lugha yao.

Huku wataalamu wakibishana, mpaka ulikuwa umeingia katika miaka yake mizito kuliko yote. Idi Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na maduka ya Tororo yakabaki bila bidhaa. Sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya taa vilipatikana Kenya, na kahawa ya Uganda ilipata bei nzuri Kenya, hasa baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuharibu mibuni ya Brazil na kupandisha bei duniani. Chepkube, soko dogo upande wa Bungoma chini ya Mlima Elgon, likapata sifa Kenya nzima. Hapo ndipo neno magendo lilipokuwa jina la uchumi mzima. Mwalimu alifanya magendo, askari alifanya magendo, mjane alifanya magendo ya kilo mbili.

Busia ilitoa mchango wake kwa baiskeli. Kati ya vituo viwili vya mpaka palikuwa na umbali ambao abiria mwenye mizigo hakutaka kuutembea, na vijana wakamwita kwa Kiingereza cha njiani: "boda, boda", kutoka mpaka hadi mpaka. Jina hilo sasa limeenea Afrika Mashariki yote na kuhamia kwenye pikipiki. Baiskeli zilezile zilipita pia njia za panya usiku, zikiwa na gunia la kahawa kwenye kiti cha nyuma.

Serikali ya Amin iliunda mwaka 1975 mahakama ya makosa ya kiuchumi yenye uwezo wa kuhukumu kifo, na kikosi cha kupambana na magendo kikawekwa. Februari 1976 Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, na wakazi wa Busia upande wa Kenya wakasikia redioni kwamba nyumba zao zinagombaniwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Machi 1979 wapinzani wa Amin walivamia Tororo kutokea Kenya, wakasukumwa nyuma baada ya mapigano, na mwezi uliofuata utawala wake ukaanguka Kampala.

Msongo wa magendo ulikuwa na umbo lake. Hatari ilikuwa ya usiku na faida ilikuwa ya asubuhi, kwa hiyo mwili haukupata saa ya kupumzika. Anayevuka mto Sio akiwa na gunia huishi roho juu. Anayemsubiri nyumbani hulala usingizi wa mang'amung'amu, akihesabu mbwa wanaobweka. Na kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa siri, njia ya zamani ya kutambua mzigo iliharibika. Mtu hangeweza kukaa chunguni na kusema kwa nini halali. Jirani aliyeuliza sana alionekana mpelelezi. Hili ni pigo ambalo hesabu za uchumi wa magendo haziligusi: mahali pa kuonekana na wengine paligeuka mahali pa kujificha.

Amani iliyofuata ilikuwa ya vipande. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalifyatuliana risasi Busia, na mpaka ukafungwa. Kufikia wakati huo ugonjwa mwingine ulikuwa umeingia kwa barabara kuu. UKIMWI ulisafiri na malori, na miji ya mpakani, yenye nyumba za kulala wageni na madereva wanaokesha wakisubiri makaratasi, iliumia mapema. Shirika la TASO, la kuwasaidia wenye UKIMWI, lilianzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, na Tororo ikawa na kituo chake mwishoni mwa muongo huohuo, miongoni mwa vituo vya kwanza nje ya Kampala.

Kwa historia ya kutambua msongo, kituo hicho kina uzito zaidi kuliko sheria yoyote iliyopitishwa kabla yake. Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwepo kwa watu wa kawaida. Kilichokuwepo kilikuwa matibabu ya magonjwa nyemelezi, chakula kidogo na mshauri nasaha. Mshauri alikaa na mtu faragha, akamsikiliza, akamuuliza analalaje, anakula nini, amemwambia nani, atawaachia nani watoto. Maswali haya yalikuwa ya mama na jirani tangu zamani. Kipya kilikuwa kwamba yaliulizwa na mtu aliyefunzwa, aliyeapa kutunza siri, na kwamba jibu halikumtafuta mwenye husuda. Baada ya miaka ya magendo, siri ilipewa kazi tofauti: ilimlinda msemaji badala ya kumziba mdomo.

Madodoso ya kupima msongo nayo yakafika. Thomas Holmes na Richard Rahe walikuwa wameandaa mwaka 1967 orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake, kifo cha mwenzi wa ndoa kikipewa 100. Sheldon Cohen na wenzake walifuata njia tofauti mwaka 1983: waliuliza mtu, kwa mwezi uliopita, ni mara ngapi ameona mambo yamemshinda kuyadhibiti. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mkazi wa mpakani. Orodha ya matukio ingewapa wajane wawili alama sawa. Swali la Cohen linaweza kuonyesha kwamba mmoja ana ndugu ng'ambo ya mto wanaomsaidia na mwingine hana mtu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya kujaribu dodoso la maswali tisa ya sonona kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya, nalo likaonekana kufanya kazi. Mwaka huohuo watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Uganda walichapisha kipimo kilichojengwa juu ya maneno ya Waacholi wenyewe, likiwemo par, ndugu wa karibu wa paro ya Tororo. Kipimo hicho kinafika karibu zaidi na watu, kwa kuwa kinaanza na neno ambalo bibi kijijini analijua.

Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipovusha maelfu ya Wakenya kupitia Busia na Malaba, safari za magendo na vita ziligeuka: sasa waliokuwa wakikimbia walielekea magharibi. Walipokewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya wengi kuhamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Hapa ndipo umri wa mpaka ulipoonekana kuwa faida. Ndugu ambao mstari wa 1902 uliwatenga walikuwa na nyumba za kupokelea wageni.

Mageuzi ya karibuni yamelenga kupunguza kusubiri. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, ili msafiri na mzigo wake wakaguliwe mara moja tu. Miaka miwili baadaye korona ikarudisha foleni. Madereva walilazimika kupimwa kabla ya kuingia Uganda, na malori yakapanga mstari wa kilomita nyingi Malaba na Busia. Dereva na tandiboi wake walilala ndani ya kichwa cha lori siku kadhaa, mvua ikinyesha, choo kikiwa kichaka, huku wenyeji wakiwatazama kama wabeba maradhi. Walichokosa hapo ni kile ambacho chungu cha ajon kilitoa zamani na TASO ilikijaribu upya, yaani mtu wa kuona kwamba wamebadilika. Dereva akisafiri wiki tatu, mkewe hamwoni. Tandiboi, anayemwona, amechoka vilevile.

Sheria zilifuata polepole. Uganda iliacha sheria ya matibabu ya akili ya 1964 kwa kupitisha mpya ya 2018. Kenya, iliyokuwa na sheria ya 1989, iliunda jopo la afya ya akili ambalo liliwasilisha taarifa yake 2020, na ikairekebisha sheria hiyo mwaka 2022. Zote mbili zinapeleka huduma kuelekea vituo vya chini vya afya, ambako mwenye mawazo hufika kwanza.

Anapofika, kwa kawaida halalamikii mawazo. Hulalamikia kichwa, mgongo, tumbo la moto, moyo unaodunda, au husema ana presha. Neno hilo la mwisho lina maana mbili Busia na Tororo. Kwa muuguzi ni shinikizo la damu, tarakimu mbili kwenye mashine, na 140 kwa 90 ndio mpaka unaotumiwa sana. Kwa mchuuzi ni hilo, na pia ni deni la jumla, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada, na shehena iliyokwama getini. Mashine ikionyesha tarakimu za kawaida, muuguzi huandika kwamba hana presha, naye mchuuzi huondoka akijua kwamba anayo. Wahudumu wenye uzoefu wa ukanda huu, wakishaondoa kitambaa cha mashine mkononi, huuliza tena swali la zamani kuliko mpaka wenyewe: usiku unalala?